Walituambia hapa si kazi, hapa ni jamaa

Yaya, jambo.

Ninakuandikia usiku kwa sababu mchana bado nina woga wa kushika simu. Nina miaka 29, ninakaa Kampemba na mama yangu, na mpaka mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa mfanyakazi wa ajansi moja ya matangazo hapa Lubumbashi. Jina lake nitaliacha. Wenye kuifahamu wataitambua wakifika kwenye kopo.

Tulikuwa watu kumi na mmoja. Kazi yetu ilikuwa mabango, fulana, kalenda, video, kurasa za Facebook za maduka ya mjini, na zaidi kazi za makampuni ya migodi ya njia ya Likasi na Kolwezi. Leo kampuni inafungua kisima, kesho gavana anapita, keshokutwa ni siku ya usalama kazini, na kila tukio linataka bango lenye mkurugenzi aliyevaa kofia ngumu akitabasamu. Usicheke, niliipenda kazi hiyo. Nilisoma mawasiliano Unilu, chuo kikuu cha Lubumbashi, na mara ya kwanza nilipopita barabara ya Kasapa ndani ya teksibasi nikaona bango nililolichora mwenyewe, niliwaonyesha abiria wote.

Siku ya kwanza mkubwa wetu alinipokea kwa mikono miwili. Aliagiza mikate na soda, tukala wote mezani, akasema: "Hapa hatuko ku kazi, hapa tuko jamaa." Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nimeangukia kwa watu wazuri. Kontra, yaani mkataba wa kazi, nilipoiuliza, alicheka: jamaa hawaandikiani karatasi. Nikaanza kama stajieri, yaani mtu wa kujifunza kazi, miezi minane, franka za transpor tu, yaani nauli. Kisha akanipa dola 250 kwa mwezi, mara mkononi, mara kwa Airtel Money, mara tarehe 5, mara tarehe 28 ya mwezi unaofuata.

Sasa kopo. Juu ya meza ya sekretari kulikuwa na kopo kubwa la maziwa ya unga, kifuniko kimetobolewa kwa kisu cha mkate, na mtu ameandika kwa kalamu nene nyekundu: NIDHAMU. Ukichelewa dakika kumi, franka 5,000. Usipojibu kwenye kikundi cha WhatsApp ndani ya saa moja, hata kama ni saa tano usiku, 5,000. Ukinuna mbele ya mteja, 10,000. Noti hazina mlio, kwa hiyo mkubwa alitia ndani kijiwe cha malakiti, lile jiwe la kijani la migodini, na sheria ilikuwa kwamba ukishaweka feza yako unatingisha kopo ili wote wageuke. Mwezi wa kumi na mbili kopo linafunguliwa, ananunua mbuzi na kreti za bia ya Simba, tunafanya sikukuu. Tulikuwa tunakula faini zetu wenyewe na kumpigia makofi.

Mama alipolazwa hospitali nilikosa siku mbili. Wenzangu walichanga franka kidogo kidogo wakaniletea. Niliporudi, kopo lilikuwa limesogezwa mpaka kwenye meza yangu.

Kuna usiku mmoja siwezi kuusahau. Umeme ulikatika, jenereta ilikuwa na nguvu ya kuendesha printa tu, sisi tukamulika kwa simu. Ilikuwa saa nane usiku, bango linatakiwa Likasi asubuhi, na namba moja ya simu ya mteja ikatoka 8 badala ya 3. Asubuhi, mbele ya mteja, dereva wake na stajieri watatu, mkubwa alinitupia bango lililokunjwa na kusema: "Nilikuokota mu barabara, umesahau?" Nikajibu: "Pole, mukubwa." Yaya, sioni aibu ya kutukanwa. Ninaona aibu ya ile pole.

Na vokali zake! Ujumbe wa sauti wa dakika tatu, dakika nne, Jumapili mtu uko kanisani, simu inatetemeka mfukoni kama panya. Nimeacha kazi miezi mitatu sasa, na bado simu ikilia ninasimama.

Nikuambie na lingine, kwa sababu bila hilo barua hii itakuwa uongo. Mwaka wa tatu aliniweka mkubwa wa stajieri. Mshahara haukusogea, kilichobadilika ni kiti. Kulikuwa na kijana wa Katuba, mpole, mwenye mkono mzuri wa kuchora. Jumatatu moja ya mwezi wa pili mvua ilinyesha usiku kucha, njia zikajaa maji, akafika saa tatu na nusu, suruali imelowa mpaka magotini, viatu mkononi. Mkubwa hakuwepo. Hakuna aliyeniagiza. Nilimwonyesha kopo kwa kidole. Akatoa noti ya 5,000 iliyokunjwa mara nne, akaitia, akatingisha mwenyewe bila kuambiwa. Baadaye sekretari akaniambia ile ndiyo ilikuwa transpor yake ya juma zima, na kwamba siku nne zilizobaki alikuja kwa mguu.

Mwezi wa tatu nikapeleka barua ya kuacha kazi, na nikatoa majuma matatu ya taarifa. Mkubwa aliisoma akiwa amesimama, akasema niondoke jioni ileile. Sijafika hata kituo cha teksibasi, nikaona nimeshatolewa kwenye kikundi. Mshahara wa mwezi wa pili hajanilipa, wala siku za mwezi wa tatu. Nikimwandikia, anajibu kwamba kwanza nirudishe wateja niliowaiba, na kwamba cheti cha kazi hawezi kunipa kwa sababu hawezi kuandika uongo kuwa nilifanya vizuri.

Nimeandika yote haya kurasa nne kwa ajili ya Facebook, na vokali zake nimezitenga tayari. Kidole kiko kwenye kitufe. Halafu juzi mtoto wa shangazi yangu, msichana wa miaka 22, ameitwa kuanza staji palepale. Shangazi amefurahi mpaka amewaambia watu wa kanisa. Niseme nini? Na ile feza yangu niiache, au?

Mtoto wa Kampemba

* * *

Mdogo wangu,

Kwanza niwaombe wasomaji wa Dar na Mombasa waache kucheka. Kwetu Lubumbashi yaya si mtu wa kulea watoto wa wengine, yaya ni mkubwa wako wa tumbo moja. Ingawa nikihesabu barua za mwaka huu, labda wana haki kidogo.

Nianze na feza, kwa sababu feza ina saa inayokwenda. Kwa sheria ya kazi ya Kongo, ile namba 015-2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa 2016, madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja kuanzia siku mshahara ulipotakiwa kulipwa. Madai mengine ya kontra yana miaka mitatu. Umeshatumia miezi mitatu katika kumi na miwili kwa kuogopa simu. Usitumie wa nne.

Hukuwa na karatasi, lakini kontra ulikuwa nayo. Sheria hiyohiyo inasema kontra iandikwe. Isipoandikwa inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho, na mfanyakazi anaruhusiwa kuithibitisha kwa njia yoyote. Zile Airtel Money za dola 250 ni ushahidi. Kile kikundi cha WhatsApp kilichokunyima usingizi, jina lako likiwemo na amri za saa tano usiku zikiwemo, sasa kinakufanyia kazi wewe. Usifute vokali hata moja. Zihamishie mahali pengine, maana simu za mji huu zina tabia ya kuibiwa siku unazozihitaji.

Ulitoa majuma matatu. Mwajiri akitaka kumwachisha mtu anatakiwa kumpa siku 14 za kazi, na siku 7 juu yake kwa kila mwaka kamili aliotumika. Mfanyakazi anayeacha mwenyewe anadaiwa nusu ya hizo. Kwa miaka mitatu ni siku 35 upande wake, kumi na saba na nusu upande wako. Majuma matatu ya siku sita ni 18. Wewe ulitimiza. Aliyekukatisha jioni ileile ni yeye, na anayevunja muda wa taarifa anaulipia. Kisha kuna mapumziko: mtu mzima anapata angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi kamili wa utumishi. Kaa chini uhesabu miezi yako yote na siku ulizopumzika kweli. Atasema miezi minane ilikuwa staji na haihesabiwi. Mwache aseme, lakini aseme mbele ya mkaguzi wa kazi, na aeleze kwa nini stajieri alikuwa anachapa mabango ya kuuzwa mpaka saa nane usiku.

Kopo nalo likae kwenye orodha. Sheria inataja yale yanayoweza kukatwa kwenye mshahara: kodi, mchango wa CNSS (mfuko wa usalama wa jamii), avansi uliyochukua, na mambo machache ya namna hiyo. Kopo la maziwa halimo. Halafu pita CNSS uulize kama una namba. Mwajiri anatakiwa kuchangia asilimia 13 ya mshahara wako na wewe 5. Ninaogopa utakuta hewa, lakini hewa hiyo nayo ni hoja.

Na cheti. Hapo nilicheka, samahani. Mkubwa wako anadhani anaombwa kukusifu. Cheti cha mwisho wa kazi kinaandikwa aina ya kazi, siku ya kuanza, siku ya kumaliza na namba yako ya usalama wa jamii, basi. Sheria inakataza kuongeza neno lingine lolote, liwe la asali au la pilipili. Anatakiwa kukitoa ndani ya siku mbili za kazi. Hakuna uongo unaohitajika hapo, kalenda tu inatosha.

Kwa hiyo njia ni hii: barua fupi kwake, bila machozi, yenye kila unachodai na tarehe zake. Chapisha mbili, ya pili isainiwe kwamba wameipokea. Akikataa kusaini, iende na mtu atakayeweza kusema aliipeleka. Ukipita muda ulioweka bila jibu, nenda kwenye ofisi ya ukaguzi wa kazi. Usikimbilie mahakamani, kwa sababu mahakama haitapokea kesi ya namna hii kama haijapita kwanza kwa mkaguzi kwa upatanisho. Atawaita wote wawili. Mkipatana, inaandikwa. Msipopatana, inaandikwa pia, na karatasi hiyo ndiyo inayofungua mlango wa mahakama. Mimi si avoka, yaani wakili. Ukifika hapo tafuta mmoja, au chama cha wafanyakazi. Na jua mapema kwamba kwenye ofisi zetu utaambiwa urudi kesho mara tatu. Rudi.

Ila kabla ya hayo yote, kuna sentensi niliyoitafuta kwenye barua yako mara mbili sikuiona. Anasema uliiba wateja. Wewe hukusema kwamba si kweli. Labda uliona haistahili jibu. Lakini kama una diski nyumbani yenye picha na michoro ya wateja, au kama kuna duka ulilolipigia juma lililofuata kwa namba ulizozipata kule, ujue leo, mbele yangu, si siku ile mbele ya mkaguzi. Vilivyo vya ajansi virudishe kwa orodha na sahihi. Ukishafanya hivyo hana tena mfupa wa kung'ata.

Sasa hili neno jamaa. Katika miji mingine lingekuwa maneno ya mdomoni tu. Hapa kwetu lina historia, na ninadhani ndiyo maana lilikushika. Bibi zetu na babu zetu walikuwa wanasema juu ya kampuni ya serikali ya migodi: "Gécamines njo baba, Gécamines njo mama", na hawakuwa wanaimba bure. Nyumba ilikuwa ya kampuni, shule ya kampuni, mama anajifungulia hospitali ya kampuni, na posho ilikuwa inapimwa: unga, samaki, mafuta, kwa idadi ya watoto walioandikwa. Ukiita kitu baba, unataja anachokudai na unachokidai. Ndiyo maana kilio kilikuwa kikubwa 2003, wakati watu zaidi ya 10,000 walipoondoka kwa mpango ule ulioitwa wa hiari. Nenda leo kwa wazee wa mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, uwaulize hiari hiyo ilikuwa na ladha gani. Watakujibu kama watoto waliofiwa na baba, hata wale ambao kweli waliitia sahihi kwa mkono wao.

Mkubwa wako alisikia neno hilo kwa wazazi wake, akachukua upande mmoja. Alitaka heshima ya baba: usimjibu, umwamkie, umsamehe, usimwulize karatasi. Gunia la unga aliliacha. Mama yako alipolazwa, waliochanga ni wenzako, wale kumi waliokuwa wanatingisha kopo kama wewe. Jamaa walikuwa hao. Yeye aliyejiita baba alikusogezea deni mezani. Katika ukoo, mtu wa namna hiyo tungemkalisha chini ya mwembe na wajomba wote wawepo.

Sheria ina jina la mambo hayo, hata kama wengi hawalijui. Unyanyasaji wa kimaadili, vitisho na matusi mazito ni kosa zito la mwajiri, na tangu 2005 kuna arete, yaani amri, ya waziri wa kazi inayokataza unyanyasaji wa kingono na wa kimaadili katika kontra ya kazi. Lile bango lililotupwa mbele ya mteja, mweleze mkaguzi nalo. Hutakuwa umelalamika, utakuwa umeripoti. Ile "pole, mukubwa" unayoionea aibu, mimi ninaiona kama pole ya mtu aliyekuwa na mama hospitali na kodi ya nyumba. Niliwahi kuitoa mimi pia, ofisi nyingine, miaka mingi nyuma, kwa mtu aliyenizidi cheo tu.

Facebook, hapana. Toa kidole kwenye kitufe. Sikatazi kwa sababu ya aibu au "watu watasemaje", ninakataza kwa sababu mbili za baridi kabisa. Kanuni ya adhabu ya Kongo inaweza kumfunga kuanzia siku nane mpaka mwaka mmoja anayemtupia mtu hadharani, kwa nia ya kumdhuru, jambo mahsusi linaloharibu heshima yake, na usidhani kwamba kusema kweli peke yake kutakukinga. Tangu 2023 kuna na kanuni ya dijitali juu yake. Leo wewe ndiye unayedai. Ukibonyeza, kesho asubuhi wewe ndiye unayedaiwa, na mkubwa wako atakuwa amepata alichokosa miezi yote hii, yaani sababu nzuri ya kutokulipa. Ya pili: wale waliobaki. Siku kurasa zako nne zitakapotoka, atataka kujua nani alikupa nini. Sekretari ndiye wa kwanza. Kurasa hizo zipunguze ziwe mbili, ondoa maneno ya moyo, acha tarehe, na hiyo ndiyo hati utakayompa mkaguzi. Kazi ya kuandika hukuifanya bure.

Kwa mtoto wa shangazi ni rahisi zaidi kuliko unavyodhani, ugumu uko kwa shangazi. Msichana usimwambie "ni watu wabaya". Ataona wivu ndani yake, na Jumatatu atakwenda na kitenge kipya. Mweleze kama ulivyonieleza mimi: kopo, kijiwe, miezi minane, saa tano usiku. Kisha mwambie aulize mambo matatu kabla ya kukaa kwenye kiti: staji inaisha tarehe ngapi na imeandikwa wapi, transpor ni kiasi gani, na mshahara wa mwezi uliopita wafanyakazi waliupata tarehe ngapi. Aulize kwa adabu, akitabasamu kama mkurugenzi wa bango. Majibu yatamwambia yenyewe. Na kama atachagua kwenda, usinune. Mji huu una wenye diploma wengi wanaouza kredi za simu, na kuna watu waliojifunza kazi nzuri mikononi mwa wakubwa wabaya, wewe ukiwa mmoja. Mnunulie daftari. Kila siku aandike saa aliyoingia, saa aliyotoka na alicholipwa. Ungekuwa nalo wewe, barua yangu ingekuwa fupi.

Shangazi mwache na watu wake wa kanisa. Ukianza kumweleza, utakuwa unabishana na furaha, na furaha haijawahi kushindwa kwa hoja.

Simu: badilisha mlio. Ninasema kweli, leo hii, weka wimbo ambao haukuwahi kulia kwenye ofisi ile, na mtetemo uuzime. Mwili unajifunza woga kwa masikio na unausahau kwa masikio. Lakini kama ifikapo mwezi wa tisa bado unaamka usiku na moyo unakimbia, nenda kwa daktari umwambie hivyohivyo, usimwambie ni malaria.

Limebaki moja, na nimeliacha mwisho kwa sababu wewe mwenyewe ulijaribu kulificha katikati ya barua.

Hakuna aliyekuagiza. Uliandika hivyo mwenyewe, na ningeweza kukubembeleza kwa kusema mkubwa ndiye aliyekuharibu. Ni kweli pia. Kopo lilikuwa lake, kijiwe chake, kiti alikupa yeye makusudi, maana mtu wa namna hii akitaka utulivu huchukua aliyeumizwa akamweka mlinzi wa wengine. Lakini kidole kilichomwonyesha kijana wa Katuba kopo kilikuwa chako. Mkaguzi wa kazi hawezi kukulipia hilo, na hata siku utakapopata dola zako zote, ninakuona ukiwa umelala unamwona yule kijana anatingisha.

Mtafute. Sekretari anajua anakaa wapi. Usimtumie kwa Airtel Money, atadhani umekosea namba. Nenda Katuba mwenyewe, siku isiyo ya mvua, na usibebe vokali za mkubwa wala kumwanzishia habari zake, kwa sababu hapo utakuwa umekwenda kujitetea. Sema: Jumatatu ile nilikukosea. Labda atacheka, labda atakwambia amesahau, labda atapokea bila kukukaribisha kiti. Yote ni haki yake. Utakuwa na hamu ya kumwomba awe shahidi wako, maana aliona bango likitupwa. Siku hiyo usimwombe. Hiyo ni safari nyingine, na pengine haitakuwepo.

Noti ya 5,000, na juu yake nauli ya siku nne alizotembea, kwenda na kurudi.